Ngazi za Mahakama ya Kale ya St. Louis

Katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani, tulisimama kwenye ngazi za Mahakama ya Kale, tukautazama upande wa mto Mississippi. Pahala hapo, mwenye mali alipofariki au kufilisika, watumwa wake walinadiwa pamoja na vyombo vya nyumba.

Katika jengo hilo hilo, mwaka 1846, Dred Scott na mkewe Harriet walifungua madai ya kuachwa huru. Walikuwa wamewahi kuishi katika ardhi ambako utumwa umekatazwa, na walikuwa na mabinti wawili ambao wangeweza kuuzwa wakati wowote. Walishindwa mwaka 1847, wakashinda mwaka 1850, kisha Mahakama Kuu ya jimbo ikautengua ushindi wao mwaka 1852.

Wakati huo taifa lilikuwa likivutana. Mwaka 1820 wanasiasa waliafikiana kuchora mstari: katika maeneo mapya ya magharibi, kaskazini ya mstari huo pasiwe na utumwa. Mwaka 1854 mwafaka huo ulivunjwa. Wakaazi wa Kansas wakaachiwa waamue kwa kura, na pande mbili zikauana.

Mwezi Machi 1857, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, chini ya Jaji Mkuu Roger Taney, ilihukumu kwamba mtu mweusi si raia, na kwamba Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo hayo. Wakubwa walitaraji hukumu hiyo itazima mzozo. Kinyume chake, iliuchochea. Kaskazini iliona kwamba mlango wa suluhu umefungwa. Abraham Lincoln alipochaguliwa mwaka 1860, majimbo ya kusini yakaanza kujitenga, na Aprili 1861 mizinga ikalia. Zaidi ya watu 600,000 walikufa.

Tuliposhuka ngazi tulijiuliza: ni mara ngapi nasi, majumbani na katika vikao vyetu, tumemnyima mtu haki yake ili tupate utulivu? Dhuluma iliyopewa jina la amani haifi. Huahirishwa tu, na deni lake hulipwa na watoto.

Familia ya Scott iliachwa huru Mei 1857 kwa hiari ya mmiliki wao mpya. Dred alifariki mwaka uliofuata. Harriet aliishi hadi mwaka 1876, akauona utumwa ukifutwa katika nchi nzima.