Amana Isiyokaguliwa

Mwamini Mungu si mtovu. Methali hii hunukuliwa aghalabu katika makanisa ya mabati yaliyotapakaa baina ya Ruiru na Thika, na kila inaponukuliwa hufuatwa na ithibati: huyu alipata kazi kiwandani, yule alipona vidonda vya tumbo, mwingine alinunua ploti. Ushuhuda usio na kitu cha kuonyesha hauna wasikilizaji.

Katika mojawapo ya makanisa hayo, mjini Ruiru, mama mmoja mjane hukaa benchi la tatu kutoka mlangoni. Mumewe alipokuwa amelazwa Thika, kwa muda wa miezi saba, mama huyo alifunga kibanda chake cha mboga kila alasiri, akapanda matatu, akapita Juja na kuvuka Mto Ndarugu, chupa ya uji mapajani. Waumini walifunga na kukesha kwa ajili yake. Mhubiri mgeni alitangaza kwamba mgonjwa angerejea nyumbani kabla ya Pasaka. Alirejea kabla ya Pasaka, ndani ya jeneza.

Baada ya mazishi hakuna aliyemsema vibaya. Walimwuliza tu, kwa upole unaochoma, iwapo aliamini kwa dhati. Swali hilo ni katili kuliko wanavyodhani wanaoliuliza, kwani humgeuza mfiwa kuwa mshtakiwa.

Kiu ya ishara si jambo geni katika eneo hilo. Husimuliwa kuwa Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wakikuyu, alibashiri kwamba mugumo mmoja wa Thika ungeanguka wakati wa kuondoka kwa mkoloni, na kwamba Waingereza, licha ya kuidharau bishara hiyo, waliuzungushia mti huo chuma. Ulianguka mwaka 1963, na Kenya ikapata uhuru mwaka huo huo. Walioshuhudia waliamini, nani asingeamini? Lakini wale waliokufa mti ungali wima, je, matumaini yao yalikuwa bure? Mugumo ni wa jamii ya mtini, na mtini ndio mti aliouwaza nabii Habakuki. Wake haukuanguka wala kuchanua. Hapakuwa na ishara yoyote ya kutazamwa, naye akaazimia kumshangilia Mungu hivyo hivyo.

Pengine lugha yenyewe inaweza kutoa mwanga hapa. Maneno imani, amini, amani na amana yana asili moja katika Kiarabu. Amana ni kitu anachokabidhiwa mtu mwaminifu akitunze. Mwenye kuiweka haendi kila jioni kubisha hodi ili aonyeshwe kama ingalipo. Akifanya hivyo, amekabidhi mali na kubaki na moyo wake mkononi. Kwa mintarafu hiyo, Tomaso aliyetaka kugusa makovu hakupungukiwa na habari, maana wenzake walikuwa wamekwisha kumpasha. Alichoshindwa ni kukabidhi. Yamkini mtu atauliza: na je, iwapo amana imewekwa kwa asiyestahili? Swali hili ni la haki, na hakuna tarakimu wala muujiza wa kulijibu kikamilifu. Anayeamini huishi nalo.

Jumapili moja mchungaji aliita mashahidi mbele. Mjane alisimama pale pale alipokuwa.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Nilimwomba Mungu anibakishie mume wangu. Hakunibakishia, na sijui kwa nini. Ninyi mwaniuliza kama niliamini. Niliamini, na hata sasa naamini. Sina kitu cha kuwaonyesha."

Mpiga kinanda, ambaye huujibu kila ushuhuda kwa mbwembwe, aliviacha vidole vyake vikining'inia juu ya vibonye. Hapakuwa na makofi. Mchungaji alitazama Biblia yake kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Asante, Mama." Mama aliketi, akafungua fundo la leso na kutoa sadaka.

Siku iliyofuata alifungua kibanda mapema. Alasiri, saa ile aliyozoea kupanda matatu ya Thika, alikuwa ameketi kwenye kigoda akikatakata sukuma wiki ya wateja wa jioni, na magari yakipita barabarani hakuinua uso.