Kwapa la Dada Yangu

Sisi wasichana wa Likoni wa zamani tulifunzwa kwamba mwanamke wa heshima hana kwapa. Analo, lakini halionekani, halinuki, wala halitajwi. Tulilipaka liwa, tukalifukiza udi, tukalifunika buibui, mambo yakaisha.

Mwaka 1998 dada yangu alikatwa titi kwa saratani, kisha akapelekwa Nairobi kupigwa mionzi. Wakati ule mashine za serikali zilikuwa hospitali ya Kenyatta pekee, kwa nchi nzima, na barabara yenyewe ilikuwa imeliwa na mvua za El Niño. Alikaa kwa jamaa wiki tano, akichomwa siku tano kila wiki, mara 25 kwa jumla. "Kuchomwa" ndilo neno letu, nami siku hizi nalilaumu. Mtu akishaambiwa anachomwa, kidonda kikitoka huona ni chake, alikitarajia, hana wa kumwambia.

Aliporudi nilimsaidia kuvua nguo. Leso ilikuwa imegandia kwapani. Niliirowesha kwa maji ya vuguvugu, nikaibandua kidogo kidogo. Chini yake nyama ilikuwa mbichi, inang'aa majimaji kama samaki aliyetoka kuparwa, na kandokando ngozi imepiga weusi ti. Yeye alitazama ukuta.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Wiki ya tatu."

Wiki mbili nzima kila siku alionana na masista, akiulizwa hujambo, naye akijibu sijambo. Huko kuficha tulikuita stara.

Nami nikafanya nilivyofunzwa. Nikatoa msio, nikasugua liwa, nikaitia marashi ya mawardi, nikampaka. Sauti aliyoitoa naisikia hadi leo nikipita mahali pananukia mawardi. Hilo ni kosa langu, silitupi kwa mtu.

Sasa nimeelezwa. Mionzi haiunguzi kama jiko. Ngozi yetu hujizaa upya kila siku kutoka chini, na mionzi huzipiga zile seli zinazozaa. Ya juu inachakaa kama kawaida, ya chini haijawahi kuleta nyingine, basi ngozi hukauka, ikawasha, ikabambuka. Panapokunjana, kama kwapani au chini ya titi, jasho na kusuguana humalizia. Ndiyo maana siku za mwanzo mtu huona salama, mambo yakaanza wiki ya pili au ya tatu, tena hukolea wiki moja au mbili baada ya mashine kuachwa. Siku tuliyompikia dada pilau ya kushukuru kwamba amemaliza, ngozi yake ndiyo kwanza ilikuwa inafika mwisho wa ukali.

Na ngozi zetu zina siri nyingine. Vitabu vingi vinamwambia muuguzi atazame wekundu, maana viliandikwa na watu waliozoea ngozi nyeupe. Mtu mweusi hugeuka mweusi zaidi, akapata joto, mwasho, ngozi ikakaza kama nguo iliyorudi. Mengine hayo hayaonekani kwa macho. Asiposema mwenyewe, nani atayajua?

Mwaka jana zamu ya mionzi ikawa ya mjukuu wa dada, anayekaa Mtopanga, Kisauni. Yeye hakwenda Nairobi. Alipanda matatu, akashuka Buxton, akaingia hospitali ya Makadara, hapa hapa Mombasa, jioni yuko kwake. Mara 15 tu, wiki tatu. Huoga kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, akajipangusa kwa kugusagusa. Dada yeye alikuwa amekatazwa maji hapo mahali, kama wengi enzi hizo, na kukosa kuoga josho la Ijumaa kulimuuma kuliko kidonda. Huyu hanyoi kwapa, hatii poda, havai kanchiri, ni dera jepesi tu. Ndani ya matatu haning'inii chuma. Hukaa ameshika kiuno kama mtu anayetafuta ugomvi, mkono usisugue. Jirani alimletea shubiri aliyoikata uani, akashukuru, akaiweka kando. Wataalamu waliijaribu, haikuonekana kushinda krimu ya kawaida.

Wiki ya mwisho nilikuwa nimeketi naye kitandani. Akainua dera mbele yangu, akainua mkono, akachukua simu akalipiga picha kwapa lake, akamtumia sista. Mimi nikageuza uso! Miaka yangu yote hii, nikaona haya kwa ajili yake. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: njoo asubuhi. Akapewa krimu ya steroidi ya kutuliza mwasho, akaambiwa ngozi ikianza kutoa maji asipake chochote cha nyumbani, arudi.

Nikakumbuka sanduku. Leso za dada bado ninazo, zimefuliwa mpaka zimekuwa laini kama ngozi ya mtoto. Nikakata moja vipande, nikamwambia aweke kimoja baina ya mkono na ubavu, na kikilowa abadilishe asingoje kikauke.

"Bibi," akaniambia, "hii imetoboka."

"Imetoboka, ndiyo. Inua mkono nione."