Tundu la Pili

Mimi ni mtumishi wa serikali katika mkoa wa Kigoma. Ninacho cheti cha ualimu cha Daraja la III A, nami nilisimama mbele ya darasa miaka sita kabla ya kuhamishiwa kazi ya elimu ya kata. Kazi hiyo imenipandisha pikipiki ya ofisi katika njia ambazo hata mbuzi huzipita kwa kufikiri. Mambo ya plagi na kabureta nilijifunza kwa kulazimika, njiani, jua likiwa la utosi. Nayaeleza haya mapema ili ifahamike kuwa kosa nitakalolisimulia lilitokana na kujua kidogo, jambo ambalo aghalabu hugharimu kuliko kutojua kabisa.

Mwezi wa Novemba 2024 nilichukua likizo kwenda Malawi kumtazama shemeji yangu, kaka yake mama watoto. Wao asili yao ni Kivu ya Kusini, katika Kongo. Vita viliwavusha ziwa hadi Kigoma, ambako mimi nilioa; shemeji akaendelea na safari yake hadi kambi ya Dzaleka. Walikuwa hawajaonana miaka tisa. Mama watoto, kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga, alinituma badala yake, na mzigo wa salamu: dagaa, khanga mbili, na makopo kumi na mawili ya maziwa kwa ajili ya wifi yake, ambaye huuza chai. Nilipita Mbeya, nikavuka mpaka Kasumulu, nikashika njia ya Karonga na Mzuzu. Safari ndefu, nami sitaisimulia.

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, zaidi ya kilometa 40 kaskazini ya Lilongwe. Zamani, katika utawala wa Rais Banda, palikuwa gereza, na jina lenyewe kwa Kichewa husemwa kuwa na maana ya mtu anayeungama: sitarudia tena. Tangu mwaka 1994 ni makazi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu kama elfu kumi hivi. Leo wanaishi zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Ukipita sokoni utasikia Kiswahili kila upande, kile cha Kivu chenye "iko" nyingi, hata utasahau kwamba uko nchi ya Wachewa.

Shemeji anajipatia riziki kwa mashine moja ya ajabu. Ni pikipiki ya magurudumu manne, yale manene ya upepo mchache, ambazo Wajapani walianza kuziuza kwa wingi miaka ya 1980. Aliinunua kuukuu kutoka shamba moja la tumbaku lililokuwa likiuza vyombo vyake vilivyochakaa. Ameifungia mkokoteni nyuma, nayo huvuta magunia ya mahindi hadi kinuni, madumu ya maji, mabati, na siku nyingine wagonjwa. Watoto wa mtaani wameibatiza jina la Punda.

Siku niliyofika, Punda alikuwa amelala wiki nzima. Shemeji alinitazama kama mtu aliyeletewa daktari. "Mwalimu umekuja," akasema. Hapo wote huniita mwalimu.

Basi nikavua shati. Mashine isiyowaka hudai vitu vitatu: cheche, mafuta, na mgandamizo ndani ya silinda. Nilifungua plagi, nikaikuta imelowa na nyeusi. Nikaipangusa, nikaisugua kidogo kwa msasa laini, nikapima mwanya wake, kisha nikaichomeka katika kofia yake na kuilaza ubavuni mwa injini, chuma kwa chuma, mbali na petroli. Shemeji akavuta kamba ya kuwashia. Cheche ikaruka, ya buluu, yenye mlio. Nikaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, akavuta tena, kidole kikasukumwa kwa nguvu. Mgandamizo ulikuwapo. Yakabaki mafuta. Nilipolegeza skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta na kukinga gilasi, yalitoka matone mazito yakituama chini ya petroli kama shanga. Maji.

Sababu haikuwa ya kutafuta. Wakati huo petroli ilikuwa adimu nchini, magari yakipanga foleni vituoni, na watu wa Dzaleka walinunua ya madumu, ambayo hakuna ajuaye imepitia wapi. Tena petroli ya Malawi tangu mwaka 1982 huchanganywa na spiriti itokanayo na molasi ya miwa, kama ile ya Dwangwa kando ya Ziwa Nyasa. Spiriti hiyo hunywa maji. Yakiwa machache huyabeba, injini ikayachoma bila manung'uniko. Yakizidi, spiriti na maji hujitenga pamoja na kuzama chini, palepale mrija unapochotea. Nikamwaga tangi, nikaosha kabureta, nikachuja mafuta. Punda akawaka kwa mvuto wa tatu. Majirani wakapiga makofi, na wifi akanipa kikombe kikubwa kuliko cha mwenye nyumba.

Laiti ningenyamaza hapo. Lakini mwalimu hamalizi kipindi bila kuacha zoezi. Nilitazama kifuniko cha tangi, nikaona kimelegea na kina kitundu kidogo katikati, nikasema mvua zi karibu, na maji yatarudi kwa njia hii. Nikakata kipande cha mpira wa baiskeli, nikakifunika chote, nikakaza kwa waya. "Sasa hata tone halitaingia," nikasema. Na kweli halikuingia.

Siku ya pili Punda akaanza ugonjwa mpya. Aliwaka vizuri asubuhi, akavuta mzigo kama dakika kumi na tano, akaanza kumisi, akazima. Akipumzishwa nusu saa, anawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Dakika kumi na tano nyingine, anazima. Shemeji alirudi jioni akisukuma, akiwa amekosa malipo ya mzigo uliochelewa.

Nilikuwa na jibu tayari. Katika mashine za aina hii umeme wa cheche hauanzii kwenye betri. Sumaku izungukayo mwishoni mwa shafti huuzalisha katika koili ndogo, ukaenda kuhifadhiwa katika kisanduku cheusi kiitwacho CDI. Koili nyingine huamuru ni lini uachiliwe. Kisha koili kubwa huukuza hadi maelfu ya volti uweze kuruka mwanya wa plagi. Vitu hivi vikichoka, joto huviua na baridi huvifufua: waya mwembamba ndani ya koili hutanuka, ukakatika pasipoonekana, ukipoa ukagusana tena. Nami niliwahi kuona hivyo katika pikipiki ya ofisi. Mashine inakufa ikipata moto, inafufuka ikipoa. Nikatoa hukumu: ni CDI.

Shemeji hakubisha. "Mwalimu, wewe umesoma. Mimi nakusikiliza." Akaingia ndani, akatoka na kwacha 60,000 zilizofungwa katika kitambaa. Wifi alikuwa akisonga ugali. Mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Nilikuja kujua baadaye kuwa zilikuwa ada ya binti yao ya muhula wa Januari, naye yuko sekondari.

Nilikwenda Lilongwe peke yangu, kwa maana mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na tangu amri ya mwaka 2023 ya kuwarudisha wote Dzaleka hakuna anayependa kukutwa mjini bila karatasi. Lilongwe ni mji mkuu tangu 1975, na mitaa yake imepewa namba badala ya majina, namba zisizofuatana, hata mgeni huweza kutoka mtaa wa namba ndogo akaingia wa namba kubwa kwa kuvuka barabara tu. Nilizunguka maduka ya vipuri ya mji wa zamani tangu saa nne hadi saa tisa, kisanduku cha zamani kikiwa mfukoni kama mfano. Duka moja likawa nacho kinachofanana. Muuzaji, kijana mpole, aliniuliza, "Umepima ikiwa na moto?" Nikamjibu kwamba mimi ni mzoefu. Akanionyesha kibao ukutani: vifaa vya umeme vikiuzwa havirudishwi. Nikalipa.

Kesho yake tukafunga kisanduku kipya. Punda akanguruma, akavuta gunia nne, na dakika ya kumi na tano akazima.

Sijui kama msomaji amewahi kusikia kimya cha namna ile. Shemeji alishuka, akakaa juu ya gurudumu, asiseme neno. Ndipo swali la yule kijana likanirudia. Vipimo vyangu vyote nilikuwa nimevifanya mashine ikiwa imepoa, saa ambayo haiumwi. Nilifungua plagi palepale, injini ikichoma vidole, nikailaza chumani, tukavuta kamba. Cheche ya buluu, kali kama siku ya kwanza. Kumbe umeme ulikuwa mzima muda wote. Nikalegeza skrubu ya kikombe cha kabureta: tone moja, la pili, kisha basi. Kikombe kikavu, na tangi limejaa nusu!

Binti alikuwa ametuletea maji ya kunywa. Nilikata waya na kubandua mpira ili nichungulie ndani ya tangi, na kabla sijakizungusha kifuniko ikasikika sauti, fyuuu. Binti akacheka: "Mwalimu, tangi iko inavuta pumzi!"

Asubuhi ileile nilikuwa nimemwona mama yake akitoboa kopo la maziwa niliyoyaleta mimi mwenyewe. Alipiga msumari upande mmoja, kisha akapiga tundu la pili upande wa pili, kama afanyavyo kila mama wa nyumbani, kwa sababu maziwa hayatoki vizuri pasipoingia hewa. Kile kitundu cha kifuniko kilikuwa tundu la pili la Punda. Nilipokiziba, petroli ikashuka kidogo, hewa isiingie kushika nafasi yake, tangi likajivuta ndani, mafuta yakagoma kushuka. Nusu saa ya kupumzika ilikuwa ikipoza injini, naam, lakini pia ilikuwa ikipenyeza hewa polepole kando ya mpira. Magonjwa mawili yenye saa moja. Mimi nikamkamata asiyehusika.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikuwa nimemwingiza shemeji. Ningeweza kunyamaza. Angeamini kuwa kisanduku kipya kimehitaji muda wa kuzoea, na ningeondoka na heshima yangu ya fundi. Usiku huo niliwaita wote wawili, nikalitia maji kopo tupu, nikaziba tundu moja kwa kidole, nikawaonyesha. Kisha nikasema ni mimi niliyeziba, na fedha nitazirudisha mshahara ukitoka.

Shemeji alicheka mpaka akafuta machozi. Wifi hakucheka. Alisema, "Mwalimu, ungeuliza. Hapa jikoni tunajua." Tena akasema kwamba Januari iko karibu.

Nilimkinga Punda na mvua kwa kipande cha ndoo kuukuu, nikakiinamisha juu ya kifuniko bila kukigusa, kama paa. Alifanya kazi kutwa nzima siku tatu nilizobakia, hakuzima. Kisanduku cha zamani tulikirudisha mahali pake, kwa kuwa hakikuwa na kosa. Fedha zilifika kabla ya shule kufunguliwa, na binti akaniandikia kwa simu kuwa amelipiwa. Kile kipya shemeji amekiviringisha kitambaa na kukihifadhi ndani ya kopo la maziwa lililokatwa mdomo, juu ya kabati, akisubiri siku ambayo kweli kitahitajika.