Lushoto kwa gari lenye hema: jiko lilale nje

Safari ya Lushoto huanza hasa Mombo. Mpaka hapo familia iliyotoka Dar es Salaam imekuwa kwenye barabara kuu iendayo Arusha, joto limewachosha na mashamba ya mkonge yamewazoea. Kisha gari linaiacha tambarare na kuingia barabara nyembamba ya kupanda Milima ya Usambara: kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, huku mwamba, kule korongo.

Gari la kukodi lenye hema juu ya paa linapanda bila taabu. Taabu ni ya watoto waliokaa nyuma. Mzazi aliyewanunulia chipsi na soda Mombo atajuta kabla ya kufika Soni. Wale kidogo, watazame nje badala ya simu, na gari lisimame Soni, katikati ya njia, wapate hewa na kuona maporomoko ya maji.

Lushoto ni mji mdogo, kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal na kuja kupumzika huku wakikimbia joto la chini. Sokoni kuna karoti, kabichi, viazi na, msimu wake ukifika, plamu na mapeasi yanayouzwa kwa ndoo. Msitu wa Magamba una mbega, weusi kwa weupe, na mtoto aliyekuwa akilalamika kuhusu kutembea hunyamaza anapowaona wakirukaruka. Irente ni kilomita chache tu kutoka mjini. Pale mlima unakatika ghafla na tambarare inaonekana chini kabisa, karibu mita 1,000. Mandhari hayana mfano, lakini mkono wa mtoto usiachiwe.

Jua likizama, baridi inashuka. Juni hadi Agosti ni kali, na waliozoea Dar hufungasha fulana nyepesi tu. Hapo ndipo wazo baya huja: jiko la mkaa lililopikia chakula liingizwe kwenye hema au ndani ya gari, "lipashe joto kidogo".

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu bado huitoa, na kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Gesi hiyo huua watu wakiwa usingizini. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Kwa watoto waliotapika njia nzima, mzazi atadhani ni uchovu wa zile kona. Ikiwa watu wawili au zaidi wanaumwa kichwa kwa pamoja karibu na jiko, wote watoke nje mara moja na wapelekwe hospitali, hata kama wanasema wamepata nafuu.

Joto la usiku litafutwe kwingine: soksi, kofia ya sufi, blanketi mbili kwa kila mtoto, supu kabla ya kulala, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kanga. Neti ya hema ifungwe pia, maana mbu hawaishii Mombo. Mtoto akipata homa siku au wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, apimwe malaria.

Alfajiri ukungu bado umejaa bondeni. Jiko linawashwa tena, palepale nje lilipolala, na uji unachemka.