Kumbukumbu ya Marehemu Charles Bukeko, Bawabu wa Watu Wote

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo mjini wako watu wengi waonao haya kuitaja kazi iwapayo chakula. Kila jioni wanaume hutoka Kawangware kwa miguu kuelekea Lavington, na wengine hutoka Kibera kuelekea Kilimani, kila mmoja na kabuti lake, tochi na rungu. Hao ni mabawabu. Hukesha penye malango ya watu wengine ilhali watoto wao wamelala bila baba. Huko mashambani jamaa zao husema tu kwamba fulani yuko Nairobi. Ni kazi gani aifanyayo, haiulizwi.

Mtu aliyeitoa siri hiyo hadharani, tena kwa kicheko, alikuwa marehemu Charles Bukeko, mzaliwa wa Busia. Baada ya kutumikia jukwaa la michezo ya kuigiza, alijulikana kote nchini kwa jina la Papa Shirandula, katika mchezo ulioonyeshwa na televisheni ya Citizen kwa zaidi ya miaka 10. Humo alikuwa bawabu mnene, mwenye maneno mengi na hila nyingi, ambaye mkewe Wilbroda alidhani kuwa bwana huyo ana kazi ya heshima ofisini. Kila mara uongo ulipokaribia kufichuka, watazamaji walishika mbavu.

Lakini kicheko hicho hakikuwa cha dharau. Katika vibanda vya chai vya Kibera na Kawangware, bawabu aliyekuwa hana zamu usiku ule alijicheka mwenyewe pamoja na jirani zake, na baada ya kucheka aliona nafuu moyoni. Alitambua kwamba Papa, pamoja na ujanja wake wote, hakuwa mwizi wala mvivu. Alikuwa baba aliyetaka kuheshimiwa nyumbani mwake. Ni nani asiyelitaka jambo hilo?

Marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa mzaha mtupu. Kuwachekesha watu juma kwa juma, mwaka kwa mwaka, ni kazi ngumu, nayo aliifanya kwa bidii. Sura yake ilionekana pia katika nchi nyingi za Afrika, katika tangazo la soda ya Coca-Cola. Tena hakuubana mlango baada ya kuingia yeye. Miongoni mwa vijana waliopata jina katika mchezo wake ni Felix Odiwuor, aitwaye Jalang'o, ambaye mwaka 2022 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Lang'ata, jirani ya Kibera.

Alifariki Nairobi tarehe 18 Julai 2020, akiwa na umri wa miaka 58, kwa ugonjwa wa korona. Aliacha mjane na watoto. Siku mbili baadaye alizikwa kwao Busia, kwa haraka, na watumishi wa afya waliovaa mavazi ya kujikinga. Kwa desturi za magharibi mwa Kenya, mtu wa namna ile angeliliwa kwa ngoma, kwa nyimbo na kwa vyakula, na umati usiohesabika. Lakini siku zile mikusanyiko ilikuwa imezuiwa, na kutembea usiku kulikatazwa. Hivyo mtu aliyependa kelele za furaha alikwenda kaburini kimya kimya, nao waliompenda waliomboleza kila mtu nyumbani kwake.

Deni hilo la matanga halilipiki tena. Lakini liko jambo moja liwezekanalo. Mtu apitapo langoni alfajiri, akamkuta bawabu anakunja kabuti lake ili arudi Kibera au Kawangware, amsalimu kwa heshima, na amwulize habari za watoto. Na bawabu naye, aandikapo barua nyumbani, aitaje kazi yake kwa jina lake.

Mwenyezi Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema. Amin.