Skripti ya kumchagulia Baba ndege wa Pwani

Haya wasomaji, nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu na wengine mmeanza kuniuliza kama nimechoka kuandika. Sijachoka. Nilikuwa Pwani na Baba tukitazama ndege, na kabla ya safari nilikesha usiku kadhaa nikiandika skripti ndogo ya kuamua tuwatazamie wapi. Leo nataka kuieleza hiyo skripti, maana ndiyo programu ngumu kuliko zote nilizoandika mwaka huu, ingawa haifiki mistari 150.

Kwanza niwajulishe kwa mteja. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Nyamira mpaka alipostaafu, na tangu nikiwa mdogo ana tabia ya kuandika ndege katika madaftari ya shule, yale ya kurasa 96. Kwarara kwenye nyasi za uwanja, korongo taji kwenye bwawa la chini, mwewe juu ya soko siku ya kuchinja, kitwitwi akitikisa mkia kando ya mto Gucha. Tarehe, saa, mahali, ndege. Basi. Hakuwahi kuona bahari. Na sasa ana presha ya macho, ile ambayo madaktari huiita glakoma. Anaweka matone kila siku, na matone yanazuia hali isizidi, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi.

Likizo yangu ilikuwa wiki moja. Ningekuwa naenda peke yangu ningechagua popote, na nikikosa ndege fulani ningesema nitarudi mwakani. Kwa Baba sikutaka kutegemea mwakani.

Ukiuliza mtu yeyote anayejua ndege wa Kenya, atakutajia sehemu zile zile za kaunti ya Kilifi: msitu wa Arabuko-Sokoke, hori la Mida pale Watamu, mdomo wa mto Sabaki, magofu ya Gede, na kwa wenye gari zuri, misitu ya Dakatcha. Zote zinastahili sifa. Lakini siku 7 ukitoa siku mbili za kwenda na kurudi zinabaki 5, na Kisii hadi Watamu si mchezo: matatu hadi Nairobi, treni ya SGR hadi Mombasa, kisha matatu nyingine. Mzee wa miaka 68 anahitaji nusu siku ya kulala tu baada ya hapo.

Data ipo, na ni ya bure. Kuna eBird, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002 na kufunguliwa kwa dunia nzima mwaka 2010. Unatembea, unaandika orodha ya ndege wote uliowatambua, unaituma. Ukichukua orodha zote za Mida za mwezi wa Februari na kuhesabu ni ngapi zina ndege fulani, unapata asilimia, na asilimia hiyo ndiyo nafasi yako ya kumkuta. Kuna pia Ramani ya Ndege ya Kenya, ambayo imegawa nchi katika vyumba vya kama kilomita 9 kwa 9, na watu wanajaza chumba kimoja kimoja. Ukiifungua utaona Pwani na Nairobi zimekolea rangi. Njoo huku kwetu, Kisii na Nyamira, uone vyumba vilivyopauka. Si kwamba ndege hawapo. Watazamaji ndio hawapo, ama wapo na wanaandika kwenye madaftari.

Toleo la kwanza la skripti lilijibu swali la kawaida: wapi tutapata aina nyingi zaidi ambazo Baba hajawahi kuziandika? Hapo kuna kitu kimoja cha kiufundi ambacho nitawapa bure. Asilimia za orodha chache hudanganya. Tuseme sehemu moja ina orodha 2 tu na ndege yumo katika zote mbili. Hiyo ni asilimia 100. Sehemu nyingine ina orodha 150 na ndege yumo katika 120. Hiyo ni asilimia 80. Ukipanga kwa asilimia tupu, ya kwanza inashinda kwa ushahidi wa watu wawili. Dawa yake ni ya zamani, ya Laplace: ongeza 1 juu na 2 chini. Ya kwanza inakuwa 3 kwa 4, yaani 75, na ya pili 121 kwa 152, inabaki karibu 80. Mstari mmoja wa msimbo, na orodha nzima inatulia.

Matokeo: Arabuko-Sokoke namba moja, kwa mbali. Hakuna ajabu. Ni msitu wa karibu kilomita za mraba 420, mkubwa kuliko misitu yote ya aina hiyo iliyobaki pwani ya Afrika Mashariki, na una ndege ambao huwapati penginepo kirahisi. Siku tatu msituni, skripti ikasema, moja Mida, moja Sabaki.

Nilimpelekea Baba ile karatasi. Akaisoma polepole, akisogeza kichwa badala ya macho, kama anavyosoma siku hizi. Akaniuliza, "Hawa wa msituni, mimi nitawaona au nitaambiwa wapo?"

Swali hilo halikuwa na safu katika jedwali langu. Nikarudi kwenye data kuitafuta, nikagundua kwamba hata eBird haina. Orodha inasema ndege alitambuliwa, na idadi. Kuona na kusikia vinaingia katika kisanduku kimoja. Kwa kazi yao ni sawa kabisa, kwani ndege aliyelia yupo kama aliyeonekana. Lakini msitu wenye majani mazito unapata alama nyingi sana kutokana na masikio ya watu hodari, na skripti yangu ilikuwa inazihesabu kama macho.

Safu niliyoitaka nikaikuta nyumbani, kabatini, chini ya vitabu vya zamani vya hesabu. Katika madaftari ya Baba kila ndege ana alama ndogo pembeni: nukta kama alimwona, herufi s kama alimsikia tu. Nilikuwa nimeyaona madaftari hayo maisha yangu yote na kamwe sikuuliza ile s ni ya nini.

Nikaketi nikachapa manne kati yake, mawili ya zamani na mawili ya mwisho, mkono kwa mkono, jioni tano. Nisiwafiche, ni kazi iliyoniumiza. Katika madaftari ya zamani s ni moja moja kwa ukurasa. Katika yale ya mwisho ziko kurasa ambazo nukta ndiyo ya kutafuta. Yeye hakuwahi kutuambia. Sisi tulijua siku alipojikwaa kwenye ngazi ya kanisa, lakini madaftari yalikuwa yanajua kitambo.

Ukiweka huzuni kando, hiyo ni data nzuri sana. Nilipanga ndege ambao bado wana nukta na wale waliohamia s, nikatazama wanatofautianaje. Nilidhani ingekuwa ukubwa. Ukubwa unasaidia, ndiyo, lakini chozi, yule mdogo wa maua, amehamia s wote, huku kitwitwi wa mtoni, ambaye naye ni mdogo, akibaki na nukta nyingi. Tofauti ni mahali na mwendo. Chozi hatulii na yuko ndani ya majani. Kitwitwi yuko peupe kwenye jiwe, na akiruka hutua karibu tu. Nikasoma kuhusu glakoma nikaelewa: kwa kawaida huanza kula pembeni mwa uoni, katikati hubaki kwa muda mrefu. Baba anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Akishampata ndege anamwona vizuri. Shida ni kumpata, na ndege akiondoka kwenye bomba amekwenda. Mwanga hafifu nao unamsumbua.

Toleo la pili kwa hiyo lilimpa kila ndege alama tatu mpya: anakaa peupe au kichakani, anatulia au anahangaika, na sauti yake inasikika wazi au la. Nilizijaza mwenyewe kwa kitabu cha ndege na kwa video. Mlio haukutupwa, ila ulihesabiwa peke yake. Nikaongeza pia miguu, maana mtu asiyeona pembeni haoni mizizi.

Orodha ikapinduka. Mida ikapanda juu, Sabaki ikafuata, na Arabuko-Sokoke ikashuka kutoka siku tatu hadi asubuhi moja na jioni moja. Dakatcha iliondoka kabisa, na hiyo iliniuma kwa sababu zangu mwenyewe. Ndiko walikopatikana mwaka 2013 mazalia ya kwere wa Clarke, ndege wa manjano anayeishi kaunti ya Kilifi tu, aliyekuwa ametajwa na wanasayansi tangu mwaka 1913 bila mtu yeyote kujua anataga wapi. Miaka 100! Lakini barabara ni mbovu, na kwere hao hupita juu ya miti kwa makundi yasiyotulia. Kwa bomba la Baba ni bure.

Mida ina jambo lake la pekee, nalo ni maji. Ni hori lenye mlango mwembamba, limezungukwa na mikoko, na maji yakitoka hubaki uwanja mkubwa wa matope ambako ndege wa pwani hula. Maji yakiwa yametoka kabisa, ndege wametawanyika mbali kama punje za mchele. Yakijaa kabisa, wamekimbia. Unataka yale masaa mawili matatu yanapopanda, yanapowasukuma kuja kwako taratibu. Sasa, maji makuu ya bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, pwani yetu hujaa mnamo saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, na kila siku inayofuata yanachelewa kwa kama dakika 50. Kwa hiyo ukifika Watamu siku ya mwezi mpevu, alasiri zako mbili tatu za kwanza ni za Mida, kisha nafasi inateleza kuingia gizani. Nikaomba likizo kwa kufuata mwezi. Meneja wangu aliuliza mara mbili kama amesoma vizuri.

Basi tukaenda, Februari, kaskazi inavuma na jua la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Pale Mida kuna njia ya mbao inayoning'inia juu ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia, na ada yake inasaidia kulipia karo watoto wa sekondari wa maeneo yale. Njia inayumba. Kijana aliyetupokea alimsalimia Baba "Shikamoo mzee", na Baba akachelewa kidogo kujibu marahaba kwa sababu kwetu Kisii hatusalimiani hivyo. Kisha kijana akatangulia, Baba akashika kamba za pande zote mbili, mimi nyuma nikibeba darubini ya miguu mitatu niliyoazima Nairobi.

Hiyo darubini ndiyo ilikuwa siri. Darubini ya mkononi inamtaka mtu amtafute ndege mwenyewe. Hii, mwingine anailenga, halafu wewe unaweka jicho. Nikailenga kwenye kundi la Dromas ardeola, ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kupasulia kaa. Wanazaa huko kwenye fukwe za Uarabuni na pembe ya Afrika, kisha wanashuka kwetu. Walikuwa wamesimama tuli kama watu wanaongoja basi, maji yakipanda. Baba akaweka jicho, akakaa hapo. Niliacha kuangalia saa. Mwisho akasema, "Huyu wa tatu amepoteza ukucha." Mimi sikuwa nimeona.

Sabaki tulikwenda asubuhi mbili. Bodaboda hadi mwisho wa njia, kisha mchanga, na mchanga ulikuwa mgumu kwake kuliko nilivyoupigia hesabu. Alama ya miguu nimeirekebisha tangu hapo. Heroe walikuwepo, wamejipanga majini. Gede tulipita kwa sababu ya kivuli na njia zake tambarare. Mji huo uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, lakini Baba alivutiwa zaidi na hondohondo waliokuwa wakilia juu ya misikiti iliyoanguka kama watoto wachanga wenye njaa.

Na msitu? Mwelekezi alitupeleka upande wa udongo mwekundu, kwenye kichaka kigumu, akatuonyesha bundi wa Sokoke. Ni mdogo, kama sentimita 16, na sayansi ilimjua mwaka 1966 tu. Alikuwa amekaa tawini amelala. Katulia kabisa, hata skripti isingelalamika. Lakini ni kijivu juu ya kijivu ndani ya kivuli, na Baba alijaribu kwa darubini, kulia, kushoto, dakika nyingi, akasema basi, tusimsumbue. Jioni tukarudi barabarani pembeni ya msitu tukasimama. Giza likaingia, na bundi akaanza: mbinja fupi, moja, moja, moja, kwa mpangilio wa saa ya ukutani. Mwingine akajibu ng'ambo. Baba alinishika mkono nisiongee, akaonyesha kwa kidole walipo, wote wawili. Mwelekezi akasema ndipo hasa.

Daftari la safari lina ndege 61. Nukta 38, s 23. Bundi ana s.

Sasa ninaendelea kuchapa madaftari mengine, nikitaka yaingie kwenye vile vyumba vilivyopauka vya Nyamira. Tatizo ni kwamba mengi hayataji ametembea muda gani, na Baba anakataa nikadirie. Anasema atakumbuka, tukikaa naye ukurasa kwa ukurasa. Tumefika mwaka 1998. Skripti nitaiweka hapa wikendi ijayo, pamoja na jedwali la maji. Anayeijua Python aniambie njia safi zaidi ya kufuata mwezi, maana yangu ni mbaya.