Jina la Mama

Jumanne, 5 Agosti

Msichana! Kilo 3.2. Nywele nyingi, nyeusi tii, na vidole virefu kama vya mama. Nimemshika dakika kumi nzima, muuguzi akaja kunipokonya. Kimoyomoyo nilishamwita. Rosa. Mama amerudi nyumbani.

Sijasema kitu. Mkwe hoi, alale kwanza.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimesema. Heri ningenyamaza.

Mkwe hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Samahani, Mama. Jina lolote utakalo, ila Rosa hapana. Rosa alijiua." Mwanangu akageukia dirishani kana kwamba kuna mtu amemwita huko nje.

Nikauliza Rosa yupi, na huku najua. Kitabu cha Rosa Mistika si nilimpa mimi? Mwaka waliochumbiana, nakala yangu ya kufundishia, penseli kila ukurasa. Alikisoma usiku mmoja, asubuhi macho mekundu. Nilifurahi siku ile. Nikasema huyu ndiye mkwe.

Usingizi umekataa.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Ninayo nakala nyingine, imevuliwa jalada. Nimeanza kuisoma alfajiri, chai imepoa mezani. Mwandishi Kezilahabi alikitoa 1971, hajafika hata miaka thelathini. Wakubwa wakakipiga marufuku shuleni kwa muda, sisi wasichana tukakisoma chini ya blanketi kwa tochi, tukipokezana. Rosa wa Namagondo, Ukerewe, tukimlilia kama ndugu.

Kile kipigo cha barua. Baba mtu amelewa, kisa ni barua ya kijana tu. Kila nikifika hapo nakifunga kitabu kidogo, halafu nakifungua tena.

Jina halikumuua. Alilelewa kwa fimbo na woga, hata kuzungumza na mvulana ni kosa, halafu siku moja yuko mbali na nyumbani, mlango wazi, na hakuna aliyewahi kumwonyesha njia. Angeitwa Anna angetumbukia shimo lile lile. Na mbona hakuna anayelikataa jina la Zakaria, baba yake? Pale parokiani kwetu wako wanne, wamebatizwa kwa shangwe. Baba aliyeshika fimbo jina lake safi. La binti ndilo lina mkosi!

Na Mistika nayo si laana. Ni sifa ya Bikira Maria kwenye litania, waridi lenye fumbo. Mama alikuwa akiisali akichambua dagaa.

Haya ningemwambia jana. Leo yananijia moja baada ya jingine, na nyumba tupu.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa nikamwendea na kisa cha Rosa Parks. Nilijiandaa kama naingia darasani.

Amenisikiliza, mtoto akinyonya. Nikamweleza Montgomery, Alabama, tarehe 1 Desemba 1955. Mama mweusi wa miaka 42, fundi cherehani katika duka kubwa, anarudi nyumbani kwa basi. Dereva anamwamuru ainuke, mzungu akae. Hainuki. Na dereva mwenyewe ni yule yule aliyemshusha basini mwaka 1943! Miaka kumi na miwili, wanakutana tena, na safari hii mama hashuki. Polisi, mahakama, faini dola 10, gharama dola 4. Weusi wa mji ule wakayasusa mabasi siku 381, wakatembea kwa miguu, jua na mvua. Watu husema alikuwa amechoka na kazi. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba si uchovu wa mwili. Alichoka kukubali.

Mkwe akatikisa kichwa polepole. "Ni mama shujaa. Lakini huyo ni wa kule, Mama. Shuleni mwanangu hataitwa Rosa Parks. Ataitwa Rosa Mistika."

Sikuwa na jibu, kwa sababu nimeyaona kwa macho yangu. Mwaka wangu wa mwisho kazini, kidato cha nne, safu ya pili, alikuwepo Rosa. Kila tulipofika ukurasa mbaya wa kitabu kile, shingo arobaini ziligeuka kumtazama. Yule binti akawa anainamia daftari. Nami nilifanya nini? Niliendelea kusoma kwa sauti. Mwalimu mzima. Niliendelea.

Mungu anisamehe. Sikumwambia mkwe.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeandika majina nyuma ya kalenda ya parokia.

Rosa Luxemburg. Mwanamke mdogo wa umbo, anachechemea, akili kama wembe, alifungwa kwa kuipinga vita. Januari 1919, Berlin, wakamuua na kumtupa mferejini. Nimemkata. Imeniuma kumkata, lakini mkwe ataona ule mfereji tu.

Rosa Mota, Mreno. Dhahabu ya marathoni, Seoul 1988. Huyu yumo.

Mjukuu wangu mkubwa akachungulia: "Bibi, na Rosa Ree?" Akanichezea wimbo wake simuni. Maneno yanakwenda kasi, nusu nimeyapata nusu yamenipita, lakini binti anasimama imara na sauti yake. Yumo. Wa hapa hapa Tanzania.

Usiku huu nimeitazama tena orodha. Mjerumani, Mmarekani, Mreno, Mtanzania. Mama hayumo.

Jumatatu, 18 Agosti

Kitabu cha watakatifu. Rosa wa Lima, wa kwanza kutoka bara zima la Amerika kutangazwa mtakatifu, 1671. Nilidhani nimempata wa kunimalizia kesi.

Kumbe hakubatizwa Rosa! Alibatizwa Isabel, jina la bibi yake. Inasimuliwa kwamba uso wake ulionekana kama waridi akiwa kitandani, mama yake akaanza kumwita Rosa, na bibi akawaka. Huyu anaita Isabel, huyu anaita Rosa. Mtoto hakuna alichoogopa kama kuitika, maana akiitikia moja anaadhibiwa kwa jingine. Ikawa hivyo hadi kipaimara chake, 1597, jina Rosa likathibitishwa.

Nimekisoma kipande hicho mara tatu. Bibi mwenye jina lake.

Simu ya mwanangu imelia saa mbili usiku. Tarehe ya ubatizo. Nikamwambia wapange wenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema asante, Mama. Nimelia jikoni.

Jumamosi, 23 Agosti

Leo sikukuu ya Rosa wa Lima. Sikuitaja. Nimepeleka mtori, nimefua nepi, nikawa naaga.

Mkwe: "Mama, kaa kwanza. Bibi Rosa alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilisimama na kanga yangu mkononi. Miaka saba ameolewa kwetu, sijawahi kumsimulia! Nimempa kitabu, nimempa Alabama.

Nikakaa. Nikamwambia aliuza dagaa Nansio, hakujua kusoma wala kuandika. Nikiwa kidato cha pili kijana mmoja akanitumia barua. Baba akaikamata, akatoka nje kutafuta fimbo. Mama akaichukua mezani, akanipa: "Nisomee." Nikasoma natetemeka, mpaka salamu za mwisho. Alisikiliza kama anasikiliza redio. Akaikunja, akanirudishia mkononi. "Anaandika vizuri huyu. Utamjibu ukimaliza mtihani." Baba alipoingia na fimbo, mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakupisha.

Mkwe alimhamishia mtoto bega la pili. Kimya kirefu.

"Ulimjibu?"

Sikumjibu. Mtihani ulipoisha kwao walishahamia Geita.

Akacheka, mara ya kwanza tangu ajifungue, mpaka mtoto akashtuka. Akaniambia nisiondoke bado. Mwanangu akitoka kazini, nirudie yote tangu mwanzo, na ile ya mlangoni niisimulie polepole.